Mdogo wangu anaanza Ausbildung ya uuguzi: hasa anafundishwa nini?

Kutoka: Juma, Bremen

Habari za jioni ndugu zangu,

Mdogo wangu wa kike yuko Mwanza. Kamaliza kidato cha sita, kapata cheti cha lugha ya Kijerumani cha ngazi ya B2, na sasa ana mkataba wa Ausbildung ya uuguzi, yaani mafunzo ya kazi ya Kijerumani, kwenye hospitali moja huku Ujerumani, upande wa Hessen, kuanzia Oktoba. Mama kafurahi. Baba hajaridhika hata kidogo. Jirani kamwambia kwamba hiyo wanayoita shule ni kuosha wazee miaka mitatu, na kwamba binti angesoma diploma pale nyumbani angejua kuchoma sindano, kuzalisha na kushona majeraha. Mimi kazi yangu ni ya ghalani, uuguzi siujui, nimekosa la kumjibu mzee. Waliopita njia hiyo naomba mnieleze: darasani kuna nini, wodini kuna nini, na akimaliza anakuwa muuguzi kamili au msaidizi?

Kutoka: Mama Neema, Kassel

Juma mdogo wangu, kwanza mfikishie mzee shikamoo yangu. Diploma ya uuguzi niliisoma Tanzania, nikaja huku cheti changu kikatambuliwa, na sasa wodini kwetu mimi ni mmoja wa wanaowasimamia wanafunzi wakiwa kwenye mafunzo ya vitendo. Pande zote mbili nazifahamu, na swali la mzee ni la haki kabisa.

Nianze na lile la mwisho, maana ndilo linaloumiza watu. Fungua mkataba uangalie jina la fani. Likiandikwa Pflegefachfrau, ni muuguzi kamili, miaka mitatu. Likiandikwa Pflegehelferin au Pflegeassistentin, hayo ni mafunzo ya msaidizi, mafupi zaidi, na cheti chake ni kingine. Wote wawili wanavaa sare moja wodini, lakini kazi na mshahara havilingani. Usimtegemee wakala akusomee. Soma mwenyewe.

Zamani huku kulikuwa na njia tatu: muuguzi wa hospitali, muuguzi wa watoto, na muuguzi wa wazee. Sheria mpya ilianza tarehe 1 Januari 2020 ikaziunganisha kuwa moja, na cheti hicho kinatambulika katika nchi za Umoja wa Ulaya. Mafunzo yana saa zisizopungua 2,100 za shule na 2,500 za vitendo. Ada hakuna. Analipwa posho ya kila mwezi, na katika hospitali za umma mwaka wa kwanza inazidi euro 1,300 kabla ya makato.

Hizo saa 2,500 hazikai mahali pamoja, na hili jirani yenu hakulitaja. Anaanza na saa 400 kwa mwajiri wake, za kuizoea kazi. Kisha saa 400 hospitalini kwa wagonjwa waliolazwa, 400 kwenye nyumba ya wazee, na 400 za kuuguza watu majumbani mwao, anazunguka na gari la huduma mlango kwa mlango. Anapitia pia watoto na wagonjwa wa akili. Mwishoni anarudi kuzama zaidi mahali alipochagua, saa 500. Zamu za usiku zinaingia katika nusu ya pili ya mafunzo, saa 80 hadi 120, tena chini ya muuguzi mwenye cheti.

Sasa kuhusu kuosha. Kwetu mgonjwa akilazwa, nani anamwosha? Ndugu. Mama au shangazi anakuja na beseni, kanga na uji, na muuguzi mmoja mwenye vitanda vingi hana muda huo. Ndiyo maana tunaiona ni kazi ya nyumbani isiyohitaji shule. Huku ni kazi ya muuguzi, na mimi nasema kwa moyo wote kwamba hapo ndipo uuguzi wenyewe unapofundishwa.

Mwanafunzi wangu kabla hajagusa kitambaa anasoma faili. Anabisha hodi, anajitambulisha, anaomba ruhusa. Anasugua mikono kwa dawa sekunde 30, mpaka katikati ya vidole na ncha za vidole. Anapandisha kitanda ili mgongo wake usiharibike, anafunga pazia, anamuuliza mgonjwa anapenda maji ya namna gani. Kisha anampa kitambaa mkononi: uso aoshe mwenyewe kama anaweza. Huyu ni mzee aliyepata kiharusi wiki iliyopita; ukimfanyia kila kitu, mkono wake unalala moja kwa moja.

Huku anaosha, macho yanafanya kazi. Visigino vikoje? Kiunoni juu ya mfupa kuna wekundu? Akiuona anabonyeza kwa kidole na kuachia. Ngozi ikigeuka nyeupe kisha ikarudi, bado kuna muda. Wekundu usipoondoka, kidonda cha kulalia kimeshaanza na lazima mpango wa kumgeuza ubadilike leo hii. Kwa mgonjwa mweusi wekundu huo hauonekani hivyo, inabidi ahisi joto na ugumu wa ngozi, na hili nalisisitiza kila mwaka kwa sababu picha nyingi vitabuni ni za ngozi nyeupe. Anaangalia mikunjo ya ngozi chini ya matiti na mapajani, ulimi kama umekauka, pumzi kama ni fupi kuliko jana. Mguu mmoja umevimba na una moto kuliko mwingine? Hapo haendelei kuosha. Anaacha, anaita, kwa sababu inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa, na kuusugua mguu huo ni hatari.

Akimaliza anakaa chini, anaandika, anajaza alama za vipimo vya hatari ya vidonda na ya kuanguka, kisha ananieleza mimi atabadilisha nini na kwa nini. Sheria ile ya 2020 imetaja kazi ambazo ni za muuguzi mwenye cheti peke yake: kupima mahitaji ya uuguzi ya mgonjwa, kuupanga na kuuongoza uuguzi wake, na kuhakikisha ubora wake. Mwajiri haruhusiwi kumpa mtu mwingine, hata msaidizi awe na uzoefu wa miaka mingi. Na habari za kuamulia mambo hayo unazipata wapi kama si pale kitandani asubuhi, ukiwa na kitambaa mkononi?

Darasani kuna mwili na magonjwa, dawa na hesabu zake, sheria, maadili, na namna ya kuongea na mtu aliyetoka kupewa habari mbaya. Haviji kama masomo yaliyotengana. Vinafundishwa kwa visa: mtoto mwenye pumu na mama yake aliyechoka, mzee wa kisukari anayekataa kukatwa kidole, mtu anayekaribia kufa nyumbani kwake. Sindano za chini ya ngozi, insulini na dawa za kuzuia damu kuganda, atachoma nyingi. Vidonda atavifunga mpaka ajue kidonda kinaponaje.

Na hapa namwambia mzee ukweli wote: kuzalisha hatajifunza. Ukunga huku ni fani nyingine, inasomwa chuo kikuu. Kushona majeraha ni kazi ya daktari. Siku akitaka kurudi kufanya kazi Tanzania, Baraza la Uuguzi na Ukunga litataka kuona alichosoma, na pengo la ukunga litakuwepo. Kama ndoto ya binti ni kuzalisha akina mama Sengerema, mzee yuko sahihi, asome nyumbani. Kama ndoto yake ni uuguzi wenyewe, huku hatapungukiwa.

Kutoka: Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Nürnberg

Dada Mama Neema, asante, umenisemea mengi. Naomba niongeze ya upande wa mwanafunzi.

B2 inakufikisha darasani. Wodini nilikuta lugha nyingine. Wazee wa huku wanaongea Kifranken, lahaja ya Kijerumani ya eneo hili, na mgonjwa aliyepoteza meno na nusu ya kumbukumbu haongei kama kaseti ya mtihani. Kilichonisaidia ni ile kukabidhiana zamu. Kila siku nilikuwa nasikiliza na daftari mkononi, naandika maneno yaliyonipita, kisha namuuliza muuguzi mmoja kabla hajaenda nyumbani. Wengi hufurahi ukiuliza. Anayenyamaza ndiye wanayemwogopa, kwa sababu hawajui kama ameelewa dozi.

Jambo lililonibadilisha kuliko yote ni sheria ya kumzuia mtu. Nilipokuwa nyumba ya wazee kulikuwa na bibi mwenye usahaulifu mkubwa, anaamka usiku, ameshaanguka. Akili yangu ya kwetu ilisema pandisha vyuma vya pembeni mwa kitanda alale salama. Darasani tulifundishwa kwamba kumfungia mtu mzima kitandani bila ridhaa yake ni kumnyang'anya uhuru, na kama si dharura ya dakika ile, kinatakiwa kibali cha hakimu. Hakimu, kwa ajili ya vyuma vya kitanda! Kwa hiyo timu inalazimika kufikiri: kitanda kishushwe mpaka chini, godoro liwekwe sakafuni pembeni, taa iachwe, viatu vinavyokamata viwe karibu, aulizwe mwanawe mama aliamka saa ngapi maisha yake yote. Bibi yule alikuwa amefanya kazi kwenye tanuri la mikate. Alikuwa anaamka kwenda kazini. Walianza kumpa chai saa kumi alfajiri na kukaa naye kidogo.

Na kuna siri za mgonjwa. Hata ukimkuta jirani yako Mtanzania wodini, ukitoka nje humjui. Kuvunja siri hiyo ni kosa la jinai. Mwambie mdogo wako mapema, kwa sababu jamii yetu ni ndogo na watu watampigia simu kuuliza hali ya fulani.

Kutoka: Juma, Bremen

Dada zangu, sina la kuwalipa. Nimempigia Baba nikamsomea ujumbe wote, hata pale pa kubonyeza ngozi. Alikaa kimya, kisha akauliza mambo mawili. Moja: kama wanamfanya kibarua wa kujaza pengo la wafanyakazi badala ya kumfundisha, nani anamtetea? Mbili: mtihani ukimshinda, wanamrudisha? Mkataba nimeshausoma, ni Pflegefachfrau.

Kutoka: Mama Neema, Kassel

Mzee anauliza kama mtu aliyewahi kusimamia watu.

La kwanza. Upungufu wa wafanyakazi upo, na siku nyingine mwanafunzi anajikuta anaendeshwa kama mtumishi wa kawaida. Sheria iko upande wake: apewe kazi zenye kulenga mafunzo yake tu, na angalau asilimia 10 ya saa za vitendo katika kila kituo aongozwe na muuguzi aliyesomea kufundisha. Zile saa zinaandikwa na kusainiwa. Aweke karatasi zake vizuri tangu wiki ya kwanza. Zikipungua, aseme kwa mwalimu wa shule anayekuja kumtembelea kituoni, asingoje mwisho. Asione haya, mimi mwenyewe namheshimu mwanafunzi anayenikumbusha saa zake. Miezi sita ya kwanza ni ya majaribio, hapo mkataba unaweza kuvunjwa kwa urahisi na upande wowote, kwa hiyo aongee kwa adabu lakini aongee. Ajue pia kwamba akikosa zaidi ya asilimia 10 ya masomo au ya vitendo, huenda mafunzo yakarefushwa.

La pili. Mwisho wa mwaka wa pili kuna mtihani wa kati, huo haumtoi shuleni, unaonyesha alipo. Mtihani wa mwisho una sehemu tatu. Maandishi ni siku tatu, dakika 120 kila siku, na wanampa kisa cha mgonjwa apange uuguzi wake. Wa mdomo ni dakika 30 hadi 45. Wa vitendo ndio mzito: anapewa wagonjwa wasiopungua wawili wa kweli, anaandika mpango, anawaeleza wasimamizi kuhusu wagonjwa hao, anawauguza mbele yao, kisha anajitathmini kwa maneno yake mwenyewe. Unaweza kufika dakika 240, bila kuhesabu maandalizi. Akianguka sehemu moja anairudia hiyo mara moja. Wanafunzi wetu kutoka Afrika Mashariki ninaowaona huwa hawaanguki kwa mikono. Wanaangukia kwenye kueleza kwa nini wamefanya walichofanya. Kwetu tulifundishwa kutobishana na mkubwa, huku mkubwa anataka umpe sababu. Aanze kufanya mazoezi ya hilo sasa hivi: akisoma ugonjwa wowote, aueleze kwa sauti, kwa Kijerumani, mbele ya mtu.

Na kabla hajapanda ndege, kadi ya chanjo. Tangu Machi 2020 huwezi kufanya kazi kwenye kituo cha afya hapa bila ushahidi wa kinga ya surua. Kama kadi yake ya kliniki imepotea, apime kinga au achanjwe tena huko Mwanza, aandikiwe kwa muhuri na tarehe. Ukiipata nitumie picha niiangalie kabla hajaenda ubalozini.