Rimu kubwa kwenye gari la kifahari: wewe unatia upepo kiasi gani? Tupeane uzoefu

Mwambao wa Malindi

Ndugu zangu wa Malindi, Watamu na huko juu mpaka Lamu, asalaam alaykum. Magari mazito ya kifahari yamezidi mjini kwetu: Range Rover, Land Cruiser V8, Lexus. Na karibu kila anayelipata anapandisha rimu. Gari lililokuja na rimu ya inchi 18 au 19 linavishwa 20, 21, hata 22. Kisha mwenyewe anapita kwa mtu wa pancha, anaulizwa "nitie ngapi?", anajibu "thelathini na tano", anaondoka. Hilo la thelathini na tano kwa kila gari na kila rimu ndilo linaloniumiza, maana barabara zetu hazisamehe.

Langu ni Range Rover la umbo lile la 2002 hadi 2012. Nimetoka 255/55R19 (upana wa tairi milimita 255, ubavu asilimia 55 ya upana huo, rimu inchi 19) nikaingia 255/50R20. Ukipiga hesabu, kipenyo cha matairi hayo mawili ni kilekile, kama milimita 763, kwa hiyo spidomita haibadiliki na gari halipandi. Kilichopungua ni ubavu: ulikuwa milimita 140, sasa ni 127 na kitu. Mpira wa kumeza shimo umepungua, na hewa iliyomo ndani pia.

Halafu kuna namba ambayo wengi hatuisomi, ile inayofuata baada ya saizi. Matairi yangu ya 19 yalikuwa na 111, maana yake kila moja linabeba kilo 1,090. Haya ya 20 yana 109, yaani kilo 1,030. Yote ni XL, yaani yameimarishwa kubeba uzito zaidi, na tairi la XL huufikia uzito wake wa juu kwenye PSI (kipimo cha upepo) 42 hivi. Lisilo XL huufikia kwenye 36. Gari ni lilelile, tani mbili na nusu kabla hujapanda na familia, ila kila tairi sasa lina kilo 60 pungufu. Pengo hilo hujazwa na upepo. Kwangu lilitoka PSI 2 hadi 3 juu ya zile zilizoandikwa kwa rimu ya 19, mbele na nyuma kila upande kwa hesabu yake. Nyuma huwa juu zaidi, na wageni wakijaa na mizigo naongeza tena, kama kitabu cha gari kinavyosema.

Kwa hiyo anzeni na kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango, au kitabu. Rimu yako ikiwemo, fuata. Isipokuwemo, hesabu kwa uzito. Wengine mnafanyaje? Leteni mlivyoyaona barabarani.

Dereva wa Sala

Shukrani kaka Mwambao. Mimi nawapeleka wageni Tsavo Mashariki kupitia Lango Baya na geti la Sala. Gari la tajiri wangu ni Lexus LX570, matairi 285/50R20. Hayo yana ubavu wa milimita 142, kwa hiyo bado yana nafasi ya kucheza, si kama hizi za 22.

Kwenye lami naenda na upepo wa kitabu. Nikishaingia mbugani, ambako mwisho ni kilomita 40 kwa saa, natoa PSI 4 au 5 kila tairi. Barabara ya vumbi yenye mawimbi ndiyo inayovunja gari, na punguzo hilo dogo linatuliza mtikisiko hata wageni wanaona tofauti. Zaidi ya hapo sitoi. Ukishusha sana, ubavu unatokeza nje ya rimu na ndio unaokutana na mawe makali. Ubavu ukichanika hauzibiki, hata uende kwa fundi gani. Nikirudi kwenye lami siondoki kabla ya kujaza. Kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri inakaa nyuma ya kiti siku zote.

Dada wa Mida

Mimi nataka niseme kuhusu ulaini, kwa sababu ndiko sisi tulikoumia. Mume wangu alivisha rimu za 22, tairi 275/40. Gari likawa gumu, kila tuta tunalisikia kwenye mgongo. Fundi mmoja akatuambia tushushe mpaka 28, litakuwa laini. Na kweli likalainika. Kisha usiku tukitoka Gede tukaingia kwenye shimo ambalo magari mengine yanalipita bila neno. Tairi likatoa nundu ubavuni na rimu ikapinda ukingo.

Ubavu wa 275/40 ni milimita 110 tu. Ukiutolea upepo, hakuna kinachobaki kati ya shimo na chuma. Mpira unabanwa katikati na nyuzi za ndani zinakatika. Ulaini wa gari hilo uko kwenye sasipenshini yake ya hewa, si kwenye tairi. Wanaume wetu wanapenda zile rimu zinavyong'aa, nami sikatai zinapendeza, lakini anayetaka ulaini arudi 20. Sisi tumerudi.

Mwambao wa Malindi

Pole sana dada, na ahsante kwa kuliweka wazi. Watu wasome hapo mara mbili.

Fundi Upepo

Nashukuru kwa mjadala, mimi ni mtu wa pancha hapahapa mjini. Tatizo ninalolikuta kila siku si rimu, ni wakati wa kupima. Mtu anatoka Mombasa adhuhuri, kilomita 120 za lami iliyowaka, anasimama kwangu, geji inasoma 41, ananiambia "toa, imezidi". Mzee wangu, hiyo ni joto! Upepo wa 36 uliopimwa alfajiri unaongezeka 4 mpaka 5 tairi likipata moto. Ukiutoa, kesho asubuhi una 31 na hujui.

Pimeni gari likiwa limelala, au limekaa saa tatu bila kutembea. Kama mnataka kujua upepo wenu ni sahihi kwa uzito mnaobeba, fanyeni hivi: pimeni asubuhi, endesheni mpaka Kilifi kwa mwendo wa kawaida, pimeni tena papo hapo. Ikiwa imepanda PSI 4 hivi, mko sawa. Ikipanda 7 au 8, tairi linakunjika sana na kujichemsha, mlitia kidogo. Ikipanda 1 au 2, mmezidisha. Si sheria ya kiwandani, ila kwangu imekuwa mwongozo mzuri kwa magari mazito.

Na nunueni geji yenu wenyewe. Za vituo vya mafuta haziafikiani.

Mchanga wa Mambrui

Je, wa mchangani? Mimi na wenzangu tunashuka kwenye vilima vya mchanga Mambrui. Wenye 18, ubavu milimita 153, wanashusha mpaka PSI 18 na wanapita kama ngamia. Mimi nina 21, tairi 275/45, na sishuki chini ya 24. Nikifika 24 naendesha polepole, sikati kona kwa ghafla, maana tairi likitoka kwenye ukingo wa rimu mchangani ni kazi ya mchana kutwa. Nikikwama nachimba, siongezi moto.

Mwana wa Amu

Huku kwetu gari halivuki. Naliacha Mokowe, napanda boti, naweza kukaa kisiwani wiki kadhaa. Nikirudi, kitu cha kwanza ni geji. Tairi zima hupoteza kama PSI 1 kwa mwezi, lakini hewa ya chumvi inakula rimu za aluminiamu pale mpira unapokaa, na tairi linavuja taratibu bila pancha yoyote. Dawa ni kuvua tairi, kusugua kutu ile nyeupe, kurudisha. Nalijaza PSI 3 zaidi kabla ya kuliacha, kisha natoa nikirudi.

Jambo jingine: angalieni spea. Baadhi ya magari haya yana spea nyembamba ya muda, mwisho kilomita 80 kwa saa, na upepo wake ni wa juu kuliko matairi mengine. Kati ya Garsen na Witu si mahali pa kugundua kwamba spea yako ina PSI 20.

Mgeni wa Casuarina

Samahani kuingilia. Nina Range Rover jipya kidogo, rimu 22. Jumamosi naenda Mokowe, watu watano na mizigo. Nitie ngapi?

Mwambao wa Malindi

Karibu kaka. Siwezi kukupa namba kwa rimu peke yake. Tuandikie saizi kamili ya tairi, ile namba ya uzito inayofuata, kama pana maandishi ya XL, na kibandiko cha mlango kinasemaje kwa mzigo kamili, mbele na nyuma. Kama kibandiko kinaitaja 22 yako, hiyo ndiyo namba, usiende chini yake hata PSI moja. Pima kesho alfajiri kabla hujawasha gari, pamoja na spea, utuletee.