Tupeane uzoefu: siku ya kwanza uliyokunywa chai ya majani mazima

MwanaKibada
Habari zenu wakuu. Asubuhi ya leo nilikuwa namwaga machicha ya chai, nikaona jani moja limefunguka lote kwenye chujio. Lina kikonyo, lina mshipa katikati, pembeni lina meno madogo madogo. Nikalishika kwa muda. Nina miaka 41, chai nakunywa tangu naanza kusimama dede, na mpaka mwaka jana sikuwahi kuona jani la chai lenye sura ya jani.

Ilianza hivi. Mwenzangu wa kazini alirudi likizo kwao Bumbuli, akaniletea majani kwenye bahasha ya kaki. Mjomba wake ana kashamba kadogo na majani mengine huyasokota mwenyewe kwa mkono. Yalikuwa meusi, marefu, yamejinyonga kama nyuzi. Siku ya kwanza nikafanya nilichozoea: maziwa, maji, sufuria, moto. Mume wangu akauliza, "Leo majani yameisha?" maana chai ilikuwa nyeupe. Nikaongeza majani, nikachemsha tena. Ikaja chungu mpaka ulimi ukakauka. Nikamlaumu mjomba wa watu kimoyomoyo.

Wiki mbili baadaye nilikuwa na mafua, maziwa hakuna. Nikatia kijiko kimoja kwenye buli, nikamwagia maji ya moto, nikafunika, nikahesabu dakika nne kwa saa ya ukutani. Wakuu, ile harufu! Kama asali iliyopakwa kwenye nyasi kavu. Sikutia sukari, nikamaliza buli zima nimesimama jikoni.

Nyie mlianzaje? Hata kama uliharibu, semeni.

Mnyaki_wa_Masoko
Umenikumbusha mbali sana dada. Nimekulia katikati ya chai, Rungwe. Kabla ya shule tunaingia shambani na kikapu mgongoni, umande unalowesha sketi mpaka kiunoni. Unachuma majani mawili na kichipukizi chake, ukichanganya na jani gumu karani anakurudishia kwenye mizani. Lakini nyumbani tulikunywa chai ya pakiti kutoka dukani. Shamba liko mlangoni, chai yake tunainunua! Mara ya kwanza kuonja majani mazima nilikuwa tayari naishi Mbeya mjini, na nililia. Ndaga fijo, asante sana, kwa uzi huu.

Kipanga77
Naomba kueleweshwa. Mimi tangu nizaliwe nanunua majani ya pakiti natia kwenye sufuria. Hayo siyo majani? Au mpaka yawe marefu ndiyo tuitwe wanywaji?

Fundi_Mufindi
Kipanga, ni majani, ila yamepita njia nyingine. Nilifanya kazi kiwandani miaka tisa, nieleze kidogo. Majani mabichi yakifika yanatandazwa kwenye mahodhi yenye feni chini, yananyauka usiku kucha mpaka ukiyafumba mkononi hayavunjiki. Hapo njia zinagawanyika. Viwanda vyetu vingi vinayapitisha kwenye roli zenye meno zinazoyakata, kuyachana na kuyaviringisha, yanatoka punje ndogo. Punje zinatoa rangi haraka na zinavumilia maziwa, ndiyo maana dukani ukitia kijiko tu sufuria imewiva. Njia ya pili ni kuyasokota bila kuyakata. Jani linabaki zima, linatoa utamu wake taratibu.

Kisha ni kuyaacha yapate hewa yageuke rangi kama shaba, kuyakausha na kuyachekecha kwa madaraja ya ukubwa wa punje, kuanzia kubwa hadi vumbi: BP1, PF1, PD, D1. Inahitajika kama kilo nne na nusu hadi tano za majani mabichi kupata kilo moja ya chai. Na mti ni uleule: chai nyeusi, ya kijani, nyeupe, zote ni mchai mmoja. Tofauti ni unavyolitendea jani baada ya kulichuma.

BibiShangani
Hiyo mie naiona chai ya wagonjwa. Chai ni iliki, mdalasini, karafuu mbili na tangawizi iliyopondwa. Hata ya mkandaa, isiyo na maziwa, lazima inukie kitu.

MwanaKibada
Bibi shikamoo. Viungo vyako navipenda, ila hebu siku moja onja majani matupu kwanza halafu utie iliki. Iliki ukiitanguliza, jani husemi nalo.

BibiShangani
Marahaba mwanangu. Nitaonja. Ila iliki iwe karibu.

Sukari_Kidogo
Watu mnajifanya Wazungu tu. Chai bila sukari ni adhabu, na chai bila andazi ni maji ya kunawia.

Mkulima_Nyeri
Uzungu uko wapi hapo ndugu? Miche ililetwa na wao, Limuru 1903, hilo tunajua. Lakini anayeamka saa kumi na moja kuchuma ni mimi na mama watoto. Kuijua ladha ya kitu nilichokilima ni haki yangu, si kujifanya. Huku sisi tunauza majani mabichi kwa kilo pale kwenye kituo cha kununulia, tunangoja bonasi, na nyumbani tunakunywa majani chai ya dukani, sawa na yule dada wa Rungwe. Nilipanda vishina kadhaa vya chai ya zambarau, ile TRFK 306/1 waliyoitoa watafiti wetu 2011. Nikajaribu kuyakausha mwenyewe. Maji yalitoka rangi ya waridi iliyofifia, nikakamulia limau yakageuka kama sharubati ya matunda damu. Watoto walifikiri ni uchawi. Turungi haitoi maajabu kama hayo.

Sukari_Kidogo
Mimi nimesema sukari, wewe umeleta historia. Haya, yaishe.

Mkinga_Kkoo
Nimesoma kimyakimya tangu juu, sasa acheni niseme, maana jambo hili limenikaa kifuani.

Mimi ni mfanyabiashara wa mabegi Kariakoo, kwetu Makete. Nilipoanza kwenda Guangzhou, ukiingia duka la jumla mwenye duka hakuulizi unataka nini. Anakukalisha kwenye meza ya mbao yenye matundu ya kupitishia maji, anakumiminia chai kwenye vikombe vidogo mithili ya vile vya kahawa chungu. Mzee mmoja alitia kwenye kikombe chenye kifuniko vidonge vya kijani vilivyojikunja kama punje za pilipili manga, akamwagia maji ya moto, kisha yale maji akayamwaga! Nikasikitika. Akanipa kifuniko ninuse. Ndugu zangu, yalikuwa maua, maua mabichi ya asubuhi. Akaongeza maji mara ya pili, ya tatu, mpaka ya sita, na kila mara ladha inabadilika. Ilikuwa Tieguanyin, inatoka Anxi, mkoa wa Fujian. Siku ya kuondoka nikapitia soko la chai la Fangcun nikanunua bati la gramu 250. Kwa bei ile ningepata mabegi mengi. Nyumbani nilikuwa nakunywa Jumapili tu, nusu kiganja, nakaa barazani peke yangu na simu nimezima.

Mwaka 2018 mwezi wa sita baba mkubwa akafariki. Ndiye aliyenilea, ndiye aliyenipa mtaji wa kwanza. Tukasafiri usiku kucha. Makete mwezi huo ni baridi ya kukatisha vidole. Bati nilikuwa nalo kwenye begi, nilijiambia nikizidiwa na simanzi nitakunywa kidogo nimkumbuke.

Alfajiri ya siku ya kuzika watu ni zaidi ya mia, wamelala nje kuzunguka moto. Sufuria kubwa la chai liko jikoni, majani yameisha, duka limefungwa. Shangazi akamuuliza mke wangu kama tumekuja na majani. Mke wangu, bila kujua, akasema, "Kuna bati kwenye begi la baba Joni." Shangazi akalimwaga lote.

Mnajua vile vidonge vikipata maji vinafanyaje? Vinafumuka. Kila kimoja kinakuwa jani zima kubwa kama la mlimao. Sufuria likajaa mpaka mwiko ukasimama wenyewe. Nikasikia watu wanauliza, "Nani katia mchicha kwenye chai?" Nikaenda kuangalia. Majani yangu yamechanganyika na maziwa na kilo mbili za sukari, shangazi anayaopoa kwa upawa na kuyatupa kwenye majivu.

Nilimfokea. Mbele za watu, mwili wa marehemu uko ndani. Nikamwuliza kama anajua bei yake, nikasema maneno mengine nisiyoweza kuyaandika hapa. Wakina mama wakanyamaza kulia, hilo ndilo ninalolikumbuka, kile kimya. Shangazi akaweka upawa chini, akajifunika kanga kichwani, akaenda kukaa kwa wafiwa.

Baada ya maziko wazee wakaniita kikao. Nikaambiwa nipige magoti nimwombe radhi, nilete blanketi, mchele kilo 20, na ulanzi kwa wazee. Nilitoa vyote siku hiyohiyo. Lakini shangazi hakunijibu. Alilipokea blanketi, akalikunja, akaliweka pembeni.

Mnyaki_wa_Masoko
Pole sana kaka. Mungu amrehemu baba mkubwa.

Kipanga77
Kosa ni la shemeji. Begi la mume halifunguliwi hovyo.

DadaWaKibaha
Kipanga acha hizo. Mke ameulizwa majani msibani, watu mia na baridi, angesema hapana? Kosa ni kubeba chai ya anasa msibani.

Kipanga77
Amebeba ya kujifariji mtu wa watu. Mbona wengine wanabeba konyagi na hawasemwi?

Fundi_Mufindi
Mimi naona hakuna mwenye kosa kwenye bati. Kosa liko kwenye mdomo, na ameshalipa.

BibiShangani
Huyo shangazi yu hai? Mmeongea? Usitwache hapa baba.

Muuguzi_Zamu
Wakati tunamngoja Mkinga, niseme moja la kazi yangu. Chai, iwe ya punje au ya majani mazima, ukiinywa pamoja na chakula inazuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na maharage. Kliniki ya wajawazito nakutana nao kila siku: damu imepungua, na ukiuliza, chai asubuhi, mchana na usiku juu ya chakula. Kunywa, ila kaa kama saa moja kabla au baada ya kula. Na vidonge vya kuongeza damu usimeze kwa chai.

Sukari_Kidogo
Kwa hiyo andazi nalo mmeniondolea?

Muuguzi_Zamu
Andazi kula. Maharage ndiyo yasubiri.

Mswahili_Muscat
Huku tumezama kwenye karak, maziwa ya kopo na iliki, kikombe kila kona. Niliponunua majani mazima mke wangu aliyahifadhi kabati moja na bizari. Yamenuka mchuzi mwezi mzima. Wekeni kwenye bati lenye kifuniko cha kubana, mbali na viungo na sabuni. Chai inavuta harufu kuliko unga.

DadaWaKibaha
Ya kijani je? Mimi kila nikitengeneza ni chungu kama mwarobaini.

Mkulima_Nyeri
Maji yako yanatokota. Yaepue, acha kifuniko wazi dakika tano hivi, ndipo umwagie. Dakika mbili, chuja. Nyeusi ndiyo inataka maji yanayotokota.

Mzee_Korogwe
Msimsikilize. Mimi ya kijani nachemsha kabisa na mchaichai, miaka yote, na niko vizuri.

Mkulima_Nyeri
Mzee wangu heshima yako, ila hapo unakunywa mchaichai, majani yanakusindikiza tu.

MwanaKibada
Na maji jamani, msisahau maji! Sisi huku Kibada ni kisima, yana chumvi. Chai ileile, kwa maji ya kisima inakuwa nyeusi tii, juu inafanya utando unaong'aa kama mafuta na ukikorogwa unakatika vipande. Kwa maji ya dumu la kununua inakuwa nyekundu, unaona mpaka chini ya kikombe. Nilidhani nimepewa majani mabaya kumbe ni maji.

Mkinga_Kkoo
Nimerudi, nilikuwa napakua mzigo.

Bibi, yu hai, ana miaka 78. Miaka miwili tulisalimiana tu. Desemba 2020 nilikwenda na bati jingine, dogo, na kikombe changu chenye kifuniko. Sikusema kitu. Nikakaa naye jikoni, nikawasha kuni, nikatia vidonge vichache mbele yake. Alipoona vinaanza kufumuka akashika mdomo. Nikampa kifuniko anuse kama mzee wa Guangzhou alivyonipa mimi. Akanusa, akanusa tena, akasema, "Haya ni maua ya maharage asubuhi." Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Na siku ile nilimwaga yote?" Nikamwambia ndiyo shangazi. Akanishika mkono. Tukanywa mara saba, mpaka maji yakatoka meupe.

Sasa kila nikipiga simu anauliza, "Unakuja lini na ile mboga yako?" Ninakwenda Ijumaa.

BibiShangani
Alhamdulillahi.

MwanaKibada
Mkuu, ukifika mwambie Kibada tunamsalimia. Na wewe Fundi, hayo majani ya kusokotwa ya huko Mufindi yanapatikana kwa nani? Bahasha yangu imebaki vijiko vitatu.