Siku nne Singapore, tumefikia Bugis: tule wapi, tunywe wapi?

Chungu_Kimoja

Habari wakuu. Tunaenda Singapore watu wawili, Alhamisi hadi Jumapili, na hoteli iko jirani na stesheni ya Bugis. Mmoja anakula halali tu, mwingine hana masharti na jioni hupenda bia. Bajeti ya kula na kunywa ni dola 40 za Singapore kwa kila mtu kwa siku. Naomba majina ya sehemu, saa za kwenda, na mambo yanayowapoteza wageni. Mikahawa ya kwenye maduka makubwa tuiache.

---

Mpishi_wa_Zamu

Mkuu, hapo Bugis pamewakalia vizuri. Treni ya mstari wa buluu, Downtown Line, inapita hapo, na karibu kila mnachokitaka kiko kwenye mstari huo bila kubadilisha treni. Mkishika upande wa Bukit Panjang, stesheni ya pili ni Little India, ilipo Tekka Centre. Ya tano ni Botanic Gardens, na kutoka hapo Adam Road Food Centre ni mwendo mfupi wa miguu. Mkishika upande mwingine, ya nne ni Telok Ayer kwa ajili ya Lau Pa Sat na Amoy Street Food Centre, na ya tano ni Chinatown kwa ajili ya Maxwell na Chinatown Complex.

Sehemu hizi huitwa hawker centre: ukumbi wenye paa na meza za wote, umezungukwa na vibanda, na kila kibanda kinapika vyakula viwili vitatu tu. Sahani nyingi ni dola 4 hadi 7. Kwa hiyo bajeti yenu inatosha na chenji inabaki, mradi msiagize kaa wa pilipili, ambaye ni ghali.

Utaratibu uko hivi. Kwanza pateni meza, kwa sababu kuanzia saa 5:30 asubuhi hadi saa 7:30 mchana watu wa maofisini hujaa, hasa Amoy Street na Maxwell. Meza huwekewa alama kwa pakiti ya tishu, na wenyewe huita kitendo hicho "chope". Mkikuta tishu juu ya meza msidhani imesahaulika, hiyo meza ina wenyewe. Someni namba ya meza, kisha mmoja akapange foleni. Vibanda vingine vinakuletea mezani kwa hiyo namba, vingine unasubiri na kubeba mwenyewe. Unalipa hapo hapo. Mkitaka kufungashiwa semeni "tapau", na bei huongezwa senti chache za kopo.

Mkimaliza, rudisheni trei na vyombo kwenye rafu. Hili ni sheria. Tangu Septemba 2021 anayeacha vyombo mezani huonywa kwa maandishi mara ya kwanza, na akirudia hutozwa dola 300.

Sasa chakula chenyewe. Asubuhi kunyweni kahawa na mkate wa kaya. Kaya ni jamu ya tui la nazi, mayai, sukari na jani la pandani. Mkate huokwa hadi ukakamae, katikati hutiwa kaya na kipande kinene cha siagi baridi. Huja na mayai mawili yaliyochemshwa nusu: yapasueni kwenye kisahani, tieni sosi nyeusi ya soya matone machache na pilipili manga nyeupe, kisha chovyeni mkate. Ute utakuwa mlegevu sana, ndivyo yanavyotakiwa yawe.

Mchana wa Maxwell ni wali wa kuku wa Hainan. Kuku hupikwa kwenye maji ya moto yasiyotokota sana, kisha huzamishwa kwenye maji ya barafu ili ngozi ishikane na nyama iwe laini. Ndiyo maana hufika mezani akiwa wa uvuguvugu. Msimrudishe mkidhani amepoa. Utamu wote uko kwenye wali, uliokaangwa kwa mafuta ya kuku, tangawizi na vitunguu saumu kabla ya kutiwa mchuzi wa kuku. Tian Tian ndicho kibanda maarufu na foleni yake ni ndefu. Fikeni kabla ya saa 5 asubuhi. Mkikuta foleni imezunguka nguzo, chukueni kwa jirani yake. Tofauti haifikii dakika 40 za kusimama.

Usiku nendeni Lau Pa Sat, soko la chuma la pembe nane lililojengwa 1894. Barabara ya pembeni, Boon Tat, hufungwa kwa magari saa 1 usiku siku za kazi, mapema zaidi wikiendi, na wachoma mishikaki huanza. Mishikaki yao ni midogo na huuzwa kwa kuhesabu, mara nyingi kuanzia kumi. Huja na mchuzi mzito wa karanga. Kuna watu watawavuta shati kabla hamjakaa. Kaeni kwanza, someni bei, ndipo mwagize.

---

Ukhty_Safari

Nakubaliana na mengi hapo juu, ila kwa anayekula halali Maxwell na mishikaki ya Boon Tat inahitaji tahadhari. Ukumbi wenyewe hauna cheti, cheti ni cha kibanda. Tafuteni nembo ya MUIS, Baraza la Kiislamu la Singapore, yenye neno halali kwa maandishi ya Kiarabu. Vibanda vya wali wa kuku vingi havina. Na tangazo la kwamba hapa hakuna nguruwe wala mafuta yake si cheti cha halali, kwa sababu halisemi kuku alichinjwa vipi.

Hatari kubwa si nyama unayoiona. Ni mafuta. Char kway teow, zile tambi pana za kukaanga, kwa asili hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na Hokkien mee, tambi nyingine za kukaanga, vilevile, hata ukiona kamba wa baharini watupu kwenye sahani. Kitimoto kimo ndani ya karai. Kile wanachokiita keki ya karoti nacho si keki wala hakina karoti. Ni figili nyeupe na unga wa mchele vilivyokaangwa na mayai, na mafuta yake uliza kwanza.

Habari njema ni kwamba mmefikia mlangoni pa Kampong Glam, mtaa wa zamani wa Waislamu wa Kimalay. Kutoka Bugis tembeeni hadi Masjid Sultan, na mkabala wake kwenye North Bridge Road kuna Zam Zam, iliyopo tangu 1908. Agizeni murtabak: unga unavutwa hadi uwe mwembamba kama karatasi, unajazwa nyama ya kusaga, mayai na vitunguu, unakunjwa na kukaangwa kwenye bamba. Ya ukubwa wa kati inawatosha wawili wenye njaa ya kawaida, kwa hiyo msiagize mbili kwa kiburi. Mchuzi wa kari unakuja nayo.

Tekka Centre ni kwa biriani ya mbuzi ya vibanda vya Waislamu wa Kihindi, ghorofa ya chini. Nendeni kabla ya saa 7 mchana, kwa sababu sufuria ikiisha hawapiki nyingine. Hapo hapo asubuhi kuna roti prata, ndugu wa chapati ila ina tabaka na ladha ya samli. Ukisema "kosong" unapata tupu, ukisema "telur" inatiwa yai.

Adam Road ni kwa nasi lemak. Nasi maana yake wali, msiichanganye na nazi yetu, ingawa bahati nzuri wali huo umepikwa kwa tui la nazi. Huja na dagaa wa kukaanga, karanga, yai, tango na sambali, ile pilipili ya kusaga yenye utamu kidogo. Ongezeeni bawa la kuku wa kukaanga.

Jumapili pandeni mstari wa kijani kutoka Bugis, stesheni ya nne Paya Lebar, mtembee hadi soko la Geylang Serai. Vyakula viko ghorofani, vingi vya Kimalay, na kwa mla halali ni pahali pa kutuliza moyo.

Angalizo mbili. Ijumaa mchana vibanda vya Waislamu vingine hufunga kwa ajili ya sala, na vingine hupumzika siku nzima. Pia rafu za kurudishia vyombo zimegawanywa: za halali na zisizo za halali. Yule anayekula chochote asipeleke sahani yake kwenye rafu ya halali. Watu wa pale wanalichukulia kwa uzito.

---

Buli_la_Kopi

Naongezea vinywaji, maana hapo ndipo watu huletewa kitu ambacho hawakukitaka.

Ukisema "kopi" peke yake unapewa kahawa na maziwa mazito ya kopo yenye sukari. "Kopi-O" ni nyeusi yenye sukari. "Kopi-C" ni ya maziwa ya kopo yasiyo matamu, na sukari hutiwa kando. Baada ya hapo unapanga maneno: "gau" ni kali, "po" ni nyepesi, "siew dai" punguza sukari, "kosong" bila sukari, "peng" na barafu. Basi "kopi-C siew dai peng" ni kahawa ya maziwa, sukari kidogo, baridi. Chai hufuata kanuni ileile, badala ya kopi sema "teh".

Mwenye kisukari asikilize hapa: ukitaka maziwa bila sukari sema "kopi-C kosong". Usitegemee neno "kosong" kwenye kopi ya kawaida, kwani sukari tayari imo ndani ya maziwa yale mazito.

Kahawa hii ina ladha ya kuungua kidogo kwa sababu buni hukaangwa pamoja na sukari na siagi, kisha huchujwa kwa mfuko mrefu wa kitambaa. Kwenye kumbi za vibanda ni karibu dola moja na nusu hadi mbili. Kwenye joto la mchana maji ya miwa yenye limau yanapoza kuliko soda. Maji ya bomba ni salama kunywa moja kwa moja, bebeni chupa na muijaze.

Bia: chupa kubwa kwenye ukumbi wa vibanda mara nyingi ni dola 8 hadi 10. Kuanzia saa 4:30 usiku hadi saa 1 asubuhi ni marufuku kunywa kilevi mahali pa wazi pa umma, na maduka hayauzi cha kubeba. Faini hufika dola 1,000. Little India na Geylang ni kali zaidi: kunywa hadharani kumezuiwa wikiendi yote, Jumamosi saa 1 asubuhi hadi Jumatatu saa 1 asubuhi. Baa yenye leseni inaendelea kwa saa za leseni yake.

Kwenye mikahawa na baa, bei yenye alama ++ si bei kamili. Ongezeni asilimia 10 ya huduma, kisha asilimia 9 ya kodi juu ya jumla hiyo. Dola 100++ inakuwa 119.90. Tishu zenye maji na karanga zinazowekwa mezani bila kuombwa mara nyingi nazo hulipiwa. Zikataeni mapema. Bakshishi haihitajiki.

---

Chungu_Kimoja

Shukrani sana wakuu. Mawili yamebaki: kadi ya benki inapokewa? Na kaa wa pilipili pamoja na doriani, lile tunda la miiba lenye harufu kali, inawezekana bila kuvunja bajeti?

---

Mpishi_wa_Zamu

Kadi, vibanda vingi hapana. Wenyeji hulipa kwa kuskani msimbo unaounganishwa na benki za huko. Bebeni noti za dola 2, 5 na 10. Ya 50 saa 2 asubuhi kwa kahawa ya dola moja na nusu itamnunisha mwenye kibanda.

Kaa huuzwa kwa kilo, karibu dola 100 kwa kilo au zaidi, na mmoja hukaribia kilo. Muulizeni mhudumu amepimwa uzito gani na jumla ni ngapi kabla hajaingia jikoni, hasa mkiwa Newton Food Centre, ukumbi mwingine wa vibanda. Hiyo itakuwa bajeti yenu yote ya siku na zaidi, basi siku hiyo mlo mwingine uwe prata. Agizeni maandazi madogo ya kukaanga ya kuchovya kwenye mchuzi, mchuzi ndio mali.

Doriani hupimwa na ganda lake, kwa hiyo bei ya kilo inadanganya macho. Sehemu kubwa mnayolipia ni miiba. Nendeni kwa wauzaji wa Geylang, ombeni tunda lipasuliwe mbele yenu na mguse nyama kwa kidole. Ikiwa ngumu au ina majimaji, lirudisheni kabla ya kulipa. Lileni pale pale kwenye meza zao, wanatoa glavu. Treni hairuhusu doriani, na hoteli nyingi pia hazilitaki.

---

Ukhty_Safari

Na ndani ya treni msinywe hata maji, faini yake hufika dola 500. Kopi iishe kabla ya geti.