Hewa ya feni ya alizeti: anemomita, mrija wa Pitot au waya moto?

FundiKizota: Mbukwenyi wakuu. Nina feni inayopulizia maganda ya alizeti hapa Kizota, bomba lake sentimita 40. Maganda yanarudi kwenye mbegu. Nimepima mdomoni kwa anemomita ya mapanga (kipima kasi ya upepo): kushoto mita 14 kwa sekunde, kulia 5, nikiishusha kidogo panga linasita kisha linazunguka kinyume. Nishike lipi? Ninunue ya waya moto, au nitengeneze Pitot?

Chamwino_Umeme: Hilo si kosa la kifaa, mkuu. Hewa inatoka kwenye feni imejisokota, na anemomita inataka hewa iijie usoni. Waya moto unapashwa umeme, hewa ikiupoza unaisoma kasi. Kwa kuona mitikisiko ya haraka hauna mpinzani. Ila ni mwembamba, mikroni 5 hivi (elfu tano za milimita, yaani milimita 0.005), na vumbi la alizeti lina mafuta. Usiutie humo.

Bi_Kongwa: Pitot, kaka: mrija wenye tundu linaloielekea hewa inakotoka, msukumo wa hewa unasogeza maji kwenye mpira uliounganishwa nao, na hapo unapata kasi. Mfaransa Henri Pitot aliupima nao mto Seine mwaka 1732, na bado unafanya kazi. Chukua mpira wa dripu, tia maji ya rangi na tone la sabuni yasing'ang'anie ukutani. Mita 10 kwa sekunde itakupa milimita 5 tu za maji, huzioni vizuri. Ulaze mpira, upande sentimita 1 kwa kila 10 za urefu, zinakuwa 50. Chini ya mita 3 kwa sekunde Pitot haikufai, rudi kwenye anemomita. Na usipime mdomoni: shuka mita 3 za bomba lililonyooka, toboa matundu mawili, pima nukta nyingi toka ukuta hadi ukuta.

FundiKizota: Dada, bomba langu mita moja na nusu, halafu kona.

Mzee_wa_Mpwapwa: Basi pima upande wa kuvuta, mwanangu. Funga kipande cha bomba pale, hewa huko haijasokotwa bado. Na angalia hesabu: kwa uzito wa hewa, majedwali yanatumia kilo 1.2 kwa mita ya ujazo. Dodoma tuko mita 1,100 na ushee juu ya bahari. Mchana wa nyuzi 30 hewa yetu ni kama 1.02. Ukiweka 1.2, kasi utaipunja karibu asilimia 8.

FundiKizota: Shikamoo mzee. Nimefunga bomba la mita 2. Nukta zote ziko kati ya 9 na 10, isipokuwa zile za ukutani. Kumbe hewa ipo ya kutosha! Kesho nafungua sanduku la chekeche, nahisi inavujia huko.