Johnnie Johnson alistahili kuandikwa mtunzi wa nyimbo za Chuck Berry?

Wakuu, tukitaja mwanzo wa rock and roll tunamtaja Chuck Berry na gitaa lake. Naomba tumjadili mpiga piano wake, Johnnie Johnson. Mwaka 2000 alimshtaki Berry akidai kuwa nyimbo zaidi ya 50 walizitunga pamoja. Mwaka 2002 mahakama ikaitupa kesi kwa kuwa muda ulikuwa umepita mno. Kwa hiyo dai lenyewe halikuwahi kuamuliwa. Mimi naamini lilikuwa na haki.

Kwanza, bendi ilikuwa ya Johnson. Mwishoni mwa 1952 mpiga saksofoni wake aliugua, Johnson akamwita Berry azibe pengo kwenye onyesho la mkesha wa mwaka mpya. Pili, sikilizeni kii, yaani noti ya msingi ambayo wimbo umejengwa juu yake. Nyimbo nyingi za Berry ziko kwenye B-flat na E-flat, kii zinazomkaa vizuri mpiga piano. Mpiga gitaa akitunga peke yake mara nyingi huanzia E au A. Keith Richards, mpiga gitaa wa bendi ya Rolling Stones, aliitumia hoja hiyo hiyo kumtetea Johnson, na sijaona aliyeijibu ikanitosha.

Najua mtasema mashairi ni ya Berry. Kweli kabisa, na ni mashairi makubwa: Ford inaifukuza Cadillac barabarani, vijana wanasubiri kengele ya shule. Tena piano ya "Johnny B. Goode" ya 1958 aliipiga Lafayette Leake, si Johnson. Lakini Johnson alieleza kwamba Berry alikuja na maneno, kisha wakakaa pamoja kuyatafutia muziki. Hiyo ni kutunga. Mpiga ala hulipwa ujira wa kurekodi, basi. Mirabaha humfuata aliyeandikishwa. Miaka ya 1980 Johnson alikuwa anaendesha basi la kubeba wazee mjini St. Louis!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Berry aliijua dhuluma hii. Wimbo wake "Maybellene" ulipotolewa na kampuni ya rekodi ya Chess mwaka 1955, waliandikwa watunzi wenza wawili: Alan Freed, mtangazaji wa redio, na Russ Fratto, mfanyabiashara. Hawakutunga hata mstari mmoja. Berry alipata haki zote za wimbo wake mwaka 1986.

Sasa mnaompinga Johnson nijibuni: ikiwa mtangazaji aliitwa mtunzi kwa sababu ya kuupigia wimbo debe redioni, aliyekaa kwenye piano wakati muziki wa wimbo ukitafutwa alipungukiwa nini?