Mrejesho: titi la jeli la kufundishia ultrasaundi, Kisumu

Wakuu, mimi ndiye niliyeuliza kuhusu titi la bandia la wanafunzi kujifunzia kuchoma sindano huku wakiangalia ultrasaundi, ile mashine inayoonyesha ndani ya mwili kwa mawimbi ya sauti. Jelatini yangu ilikuwa inalegea kabla ya saa sita mchana, na mnajua jua la Kisumu.

Nilifuata ushauri wa kutumia agari, unga wa mwani unaogandisha jeli. Inataka ichemke kabisa ndipo iyeyuke, lakini ikishaganda haibabaishwi na joto la chumba. Niliongeza vijiko viwili vya unga wa mahindi laini. Jeli tupu huonekana nyeusi tii kwenye skrini, unga ndio unaorudisha mwangwi kama nyama ya mwili. Bakuli la uji ndilo lilikuwa kalibu yangu.

Uvimbe wa maji nilitengeneza kwa kidole cha glavu, nikakifunga kwa uzi. Kilitokea vizuri sana: duara jeusi, na nyuma yake mng'ao, kwa kuwa maji hayanyonyi sauti sana. Uvimbe mgumu ni minji iliyochemshwa.

Kosa langu lilikuwa kukoroga kama napika ugali. Mapovu yakaingia, na hewa huzuia sauti, kwa hiyo nusu ya titi ilikuwa vivuli vitupu. Mara ya pili nilikoroga polepole, nikaengua povu kwa kijiko.

Shida iliyobaki: njia za sindano hazifutiki. Baada ya wanafunzi sita, wa saba anafuata tu mistari ya wenzake. Nalirudisha sufuriani, naliyeyusha upya.