Naomba ushauri: matundu ya mabamba ya injini hayakutani

FundiMwanga: Ndugu wanajamvi, habari za kazi. Nina karakana ndogo ya kuchomelea hapa Mwanga, Kigoma mjini, na kazi zangu nyingi ni za boti za ziwani. Nimetengeneza mabamba mawili ya kukalisha injini, yenye unene wa milimita 10, kila moja likiwa na matundu manne ya boliti za 12 kwenye duara la kipenyo cha milimita 100. Nilipima kwa futi, nikaweka alama kwa chaki, nikapiga senta panchi (chuma chenye ncha cha kuwekea alama katikati ya tundu) na kutoboa moja kwa moja kwa biti ya 13. Nilipoyapandanisha, boliti mbili ziliingia na mbili zikakataa. Sipendi kupanua matundu kwa tupa, kwa sababu mtetemo wa injini hulegeza boliti, na boti hiyo inabeba watu. Nimekosea wapi?

MzeeWaUjiji: Mwanangu, kosa lilianza kabla hujawasha drili. Mstari wa chaki ni mnene mno, kwa hiyo hata wewe hujui tundu liko upande gani wa mstari. Ng'arisha bamba, lipake maji ya mrututu mpaka lishike rangi ya shaba (nawa mikono baadaye, maana mrututu ni sumu), kisha chora kwa kalamu ya chuma iliyochongoka. Chora duara kwa bikari iliyofunguliwa milimita 50, halafu ifungue milimita 70.7 na uitembeze juu ya duara mara nne; ikirudi pale pale ilipoanzia, umegawanya sawasawa.

Chuma_Tabora: Mzee amesema kweli, ila hata alama nzuri huharibiwa na biti. Katikati ya ncha ya biti pana sehemu butu ambayo haikati bali husukuma chuma, na kwenye biti ya 13 sehemu hiyo ni pana kuliko alama ya panchi, ndiyo maana biti hutangatanga kabla ya kutulia. Kuzunguka katikati ya kila tundu chora duara dogo, kisha chimba kibakuli tu kwa biti ya 5, bila kutoboa. Kibakuli kikiwa kimeegemea upande mmoja wa duara hilo, chonga kwa tindo mfereji mdogo upande unaotaka biti irudi, uguse tena kwa biti, na ukiridhika ndipo utoboe hadi chini na kufuatisha ya 13 kwa mizunguko kama 600 kwa dakika, huku ukitia mafuta.

Jiriwa: Mabamba yakiwa mawili, yabane pamoja, toboa tundu la kwanza, kaza boliti humo, ndipo uendelee na la mkabala wake.

FundiMwanga: Nashukuru sana, wakuu. Nimerudia kwenye mabamba mapya na boliti zote nne zimepita kwa mkono. Jambo moja tu: biti yangu ya 13 imeacha tundu la 13.6.

Chuma_Tabora: Itazame ncha kwenye mwanga, ndugu. Bila shaka mdomo mmoja (ukingo wa kukatia) ni mrefu kuliko mwenzake, hivyo inoe upya hadi midomo yote miwili ilingane.